Je, Nyumba Hii Inafaa Kuwa Urithi? Mwongozo Kamili wa Kupima Nyumba ya Mawe ya Pwani

Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mikindani, ina nyumba nyingi za mawe ambazo warithi wake hawajui wameachiwa mali ya namna gani. Moja inabomolewa ili ipandishwe ghorofa za saruji. Nyingine inang'olewa mlango wake wa nakshi na kutiwa geti la chuma. Ya tatu inaachiwa mvua. Baadhi yake zingeweza kutambuliwa rasmi na kulindwa lau angepatikana mtu mmoja, wa ukoo au wa mtaa, wa kukaa nayo majuma machache na kuipima kwa utaratibu. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo.

Si lazima uwe msanifu majengo. Utahitaji futi kamba, simu yenye kamera, tochi, daftari la kurasa nyingi, na subira ya kusikiliza wazee. Mtaalamu utamhitaji baadaye, hasa kwa uimara wa kuta, lakini akikuta kazi ya awali imefanywa vizuri atakwenda mbali zaidi kwa muda mfupi.

Kwanza tuelewane kuhusu umri, maana wengi huanzia hapo na kuishia hapo. "Nyumba yetu ina miaka mia mbili" si hoja inayotosha. Kwanza ni vigumu kuithibitisha. Pili, sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa mnara wa kihistoria, yaani jengo la urithi linalolindwa kisheria, mradi lina thamani ya kihistoria, kiutamaduni, kiusanifu au ya namna hiyo. Wapimaji watataka kujua mambo manne: nini cha asili kimebaki, nyumba ni ya aina gani na imejengwa kwa ustadi gani, ni mambo gani au watu gani waliopita humo, na inachangia nini katika mtaa wake. Nyumba ikiwa na jibu zito kwa swali moja tu kati ya hayo, tayari ina hoja.

Nyumba ya Lamu inayoitwa leo Makumbusho ya Posta ya Wajerumani ni mfano mzuri. Ni nyumba ya mawe kama nyingine za mji ule. Hadhi yake imetokana na posta ya Kijerumani iliyofunguliwa humo mwaka 1888 na kufungwa 1891. Ile nyumba ya Mwalimu Nyerere ya Magomeni, Dar es Salaam, haina nakshi wala ghorofa, nayo ni makumbusho. Kwa hiyo usiidharau nyumba kwa kuwa ni ndogo.

Hatua ya kwanza: jua nyumba ni ya nani

Hatua hii haina raha, na ndiyo inayoua maombi mengi. Nyumba za kale za pwani mara nyingi ni za mirathi isiyogawanywa, warithi wakiwa wametawanyika Mombasa, Unguja, Muscat na Toronto. Nyingine ni wakfu, na hizo haziuzwi wala kubadilishwa bila idhini ya wasimamizi wake au tume ya wakfu. Unguja kuna nyumba zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na wanaoishi humo leo ni wapangaji wa serikali.

Tafuta hatimiliki. Kwenye pwani ya Kenya, sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wathibitishe madai yao mbele ya msajili, kwa hiyo nyumba nyingi zina karatasi za miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hizo karatasi utazihitaji tena kwenye historia, kwa sababu hutaja majirani, mipaka, na wakati mwingine kama kiwanja kilikuwa na nyumba ya mawe au ya makuti.

Kaeni kikao cha familia mapema. Waeleze jamaa wazi kuwa kutambuliwa kunaleta masharti: hutavunja ukuta wala kubadilisha sura ya mbele bila kibali. Anayepinga ni bora apinge sasa, mbele ya wenzake, kuliko aje apinge siku tangazo la serikali limeshatoka.

Hatua ya pili: uliza kama tayari inalindwa

Huenda nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi na hujui. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa 1990. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia UNESCO mwaka 2000, una mamlaka yake maalumu iliyoanzishwa 1985, na majengo yake muhimu yamepangwa kwa madaraja.

Nenda ofisi ya hifadhi ya mji wako ukaulize kwa namba ya kiwanja. Kama nyumba imeorodheshwa, omba kuona walichoandika kuihusu. Rekodi za namna hiyo nyingi zilikusanywa miaka ya 1970 hadi 1990, na zina picha na michoro ya vitu ambavyo leo havipo. Hapo kazi yako itakuwa kulinganisha ya wakati ule na ya sasa, na pengine kuomba daraja lipandishwe.

Hatua ya tatu: piga picha kabla ya kugusa chochote

Usifagie, usikwangue, usipake rangi. Nimeona watu wenye nia njema wakipiga nyumba chokaa ili wageni waikute safi, na kwa kufanya hivyo wakafunika maandishi ya mkaa na alama za nakshi zilizokuwa zikionekana vizuri.

Anzia nje. Piga upande wa mbele mzima, kisha pembe zote, kisha nyumba ikiwa pamoja na majirani zake wawili. Picha hiyo ya majirani watu huisahau, ilhali ndiyo inayoonyesha kama baraza zinaungana, kama urefu wa majengo unalingana, kama kichochoro kina kivuli chake. Ingia ndani upige kila chumba kutoka pembe mbili, kisha dari, kisha sakafu. Weka futi kamba au rula kwenye picha za vitu vidogo ili ukubwa ujulikane.

Chora ramani ya kila ghorofa kwa mkono, hata kama mistari haikunyooka. Andika upana, urefu na kimo cha kila chumba, unene wa kila ukuta, na mahali kaskazini ilipo. Vipe vyumba namba, na namba hizo zitumike kwenye picha na maelezo yote.

Hatua ya nne: isome nyumba

Hapa ndipo penye utamu, na usipaharakishe.

Anza na vipimo ulivyoandika. Nyumba za kale za mawe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa umbali mkubwa, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wa mita 3 hivi au pungufu. Ukikuta chumba cha mita 5 kwa 5 bila nguzo, ama ukuta wa kati ulivunjwa, ama dari ilibadilishwa kuwa ya chuma au zege. Angalia sakafu na dari: mara nyingi mstari wa ukuta ulioondolewa bado unaonekana.

Unene wa kuta nao una habari. Ukuta mnene sana ndani ya nyumba, katikati ya vyumba viwili, huenda zamani ulikuwa ukuta wa nje, na nusu ya nyumba iliongezwa baadaye. Ghorofa ya juu yenye kuta nyembamba kuliko inavyotarajiwa, au yenye mihimili ya chuma, huenda ni nyongeza ya mwishoni mwa karne ya 19 au baada ya hapo. Hakuna ubaya. Nyongeza ya zamani ni sehemu ya historia ya nyumba, na ukiificha mpimaji ataiona.

Kisha plasta. Tafuta mahali palipokwisha kubanduka. Chokaa ni nyeupe au ya manjano hafifu, laini, na husagika ukiikwangua kwa ukucha. Saruji ni ya kijivu, ngumu, na hubanduka kwa vigae vikubwa. Kila chumba andika: chokaa, saruji, au mchanganyiko. Jambo hili lina uzito mara mbili. Linaonyesha kiasi cha uasili kilichobaki, na pia ni dalili ya afya ya nyumba, kwa sababu ukuta wa matumbawe hupumua kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya ndani, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza kimyakimya. Gonga boriti karibu na ukuta kwa mpini wa nyundo. Sauti ya uwazi au unga wa mchwa sakafuni vyote vinaandikwa.

Tazama mpangilio. Nyumba ya Lamu ya mtindo wa kale ina safari yake: daka (kibaraza cha kuingilia) mlangoni, tekani (chumba cha kupitia), kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa anga, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, halafu ndani, chumba cha faragha. Sabule, yaani chumba cha wageni, ilikaa mahali ambapo mgeni hakuyaona ya ndani. Kama safari hiyo bado unaweza kuitembea kwa miguu, nyumba ina kitu cha thamani hata kama plasta imeanguka. Nyumba ya Kiomani ya Mji Mkongwe utaijua kwa uso wake mtupu na uwanja wa kati wenye varanda pande zote. Ya wafanyabiashara wa Kihindi huanza na duka barabarani, makazi yakiwa juu na nyuma, na mara nyingi ina roshani za mbao zilizotobolewa. Andika ni ipi, na kama imechanganya, eleza imechanganya vipi.

Zidaka, yaani vishubaka vya plasta iliyochongwa, vihesabu kimoja kimoja. Vilivyo vizima, vilivyopasuka, vilivyozibwa. Vilivyozibwa usivifungue mwenyewe. Wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro, mihrabu ndogo chumbani, birika la maji, kisima, ngazi za mawe, baraza ya nje: vyote ni mali ya hoja yako. Baraza hasa. Mtu anaweza kuiona kama kijibenchi tu, lakini mtaa ukipoteza baraza zake unakuwa njia ya kupita, watu hawakai tena.

Mlango unahitaji kurasa zake

Mlango wa nakshi ndio unaoibwa, unaouzwa na unaohamishwa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo uchunguze kwa makini.

Pima miimo, kizingiti cha juu na mfaa, ile nguzo ya katikati inayofunika mshikano wa mabawa mawili. Andika aina ya mbao kama unaijua: msaji, mvule, mfenesi. Piga picha ya kila nakshi kwa karibu: minyororo pembezoni, samaki, mitende, mayungiyungi, mawaridi. Angalia misumari ya shaba na tumbuu (vitanzi vya chuma vya kufungia mlango), ni mingapi iliyobaki na mingapi iliyoacha matundu tu. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka hunasibishwa na mtindo wa Kiomani. Wenye tao na majani yaliyojaa hunasibishwa na mafundi wa Kihindi, na ule wa vipande vya mraba vilivyogawanyika sawasawa huitwa wa Kigujarati.

Mwaka ukiwa umechongwa, upige picha vizuri na uujue ni wa kalenda gani. Mwaka wa Hijria huugeuza kwa kuuzidisha mara 0.97 kisha ukajumlisha 622. Kwa hivyo 1300 Hijria inakuja kwenye 1883 hivi, na 1322 kwenye 1904. Kwenye nyumba za Wahindu huenda ukakuta mwaka wa Samvat, ambao umetangulia ule wa Miladi kwa miaka 56 au 57.

Usiseme bado kuwa mwaka wa mlango ni mwaka wa nyumba. Milango ilihama. Tafuta dalili: fremu isiyolingana na tundu la ukuta, pengo lililojazwa saruji, kizingiti kilichokatwa ili kienee, nakshi ya pembeni iliyokatika ghafla. Mlango ambao umeshikana na chokaa ya ukuta pande zote ni ushahidi mzito zaidi.

Kama uko Tanzania Bara, jua pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki. Anayekuja na lori na pesa taslimu anataka kitu ambacho si chako kukitoa ovyo, hata kama nyumba ni yako.

Hatua ya tano: karatasi na wazee

Mbali na hatimiliki, tafuta hati za wakfu, hukumu za kadhi za mirathi, risiti za kodi ya jiji, barua, picha za harusi. Picha za harusi zina faida kubwa: watu walipigwa mbele ya mlango au ukumbini, na nyuma yao utaona zidaka, roshani na sakafu ilivyokuwa. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina kumbukumbu za utawala wa masultani na za Waingereza. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa za Kenya, na Fort Jesus kuna maktaba ya utafiti wa pwani. Ofisi za upimaji ardhi nazo huwa na ramani na picha za angani za zamani.

Kwa wazee, usiulize "nyumba ilijengwa mwaka gani?" Watakupa mwaka kwa kukuridhisha. Uliza kwa matukio: ghorofa hii ilikuwepo mlipopata uhuru? Paa lilikuwa sakafu ya chokaa au mabati zile mvua za El Niño za 1997? Nani alizaliwa kwenye chumba hiki? Chuo cha Qur'ani kilikuwa upande gani? Waulize kinamama peke yao, kwa sababu wao ndio walioishi ndani na ndio wanaokumbuka ukuta upi ulivunjwa na kwa nini. Rekodi sauti kwa ruhusa.

Kila habari iandike katika moja ya mafungu matatu: iliyoandikwa kwenye waraka, iliyoonekana kwenye jengo, iliyosimuliwa. Habari iliyo kwenye mafungu mawili au zaidi ndiyo utakayoisimamisha mbele. Iliyosimuliwa peke yake isiachwe, lakini iandikwe hivyo: "inasimuliwa na jamaa kwamba..." Mpimaji akiona umetenganisha hivyo atakuamini katika mengine. Ukimwambia Sultani fulani alilala hapa, bila waraka wala shahidi, ataanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli.

Hatua ya sita: pima kilichobaki

Chukua orodha ya sehemu zote ulizoziona na uzigawe: nzima, iliyobadilika lakini inarudishika, iliyopotea. Plasta ya saruji inarudishika, kwa gharama na kwa fundi anayejua chokaa. Rangi ya mafuta inarudishika. Dirisha la alumini linarudishika kama tundu halikupanuliwa. Ukuta uliovunjwa, kiwanda kilichowekwa zege, ghorofa mbili za matofali zilizopandishwa juu: hayo magumu.

Msimamo wangu ni huu: mpangilio wa vyumba na kuta zake ukiwa umebaki, nyumba ina nafasi, hata ikiwa chafu na imepakwa rangi ya kijani kibichi. Ukiwa umebaki uso wa mbele tu, iombee ulinzi kama sehemu ya mtaa na usidai zaidi ya hapo. Na nyumba yenye tukio au mtu mkubwa lakini iliyobadilishwa kabisa ni kesi ngumu, na usiipeleke bila nyaraka.

Uimara ni suala tofauti na hadhi, lakini uandikwe. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa 1883, jengo maarufu kuliko yote Unguja, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 huku ikiwa katika ukarabati. Ukiona ufa unaopanuka, ukuta uliotoka tumbo au dari inayozama, ondoa watu chini yake na muite mhandisi kabla ya kuendelea na daftari.

Hatua ya saba: andika maelezo ya thamani

Ukurasa mmoja, usizidi miwili. Anza na nyumba ni nini, kisha kwa nini ni muhimu, kisha nini kimebaki, kisha inalinganaje na nyingine mtaani. Kwa mfano: "Nyumba hii ya mawe ya ghorofa moja imehifadhi daka, tekani, kiwanda na misana yote miwili. Zidaka 14 kati ya 18 ni nzima. Hati ya wakfu inaonyesha ilitumika kama chuo. Ngazi ya nje na paa la mabati ni nyongeza za baadaye. Katika mtaa huu ni nyumba mbili tu nilizozikuta zikiwa na mpangilio kamili wa namna hii."

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito. Ili uiandike lazima utembee mtaa, ubishe hodi, uone nyumba za wenzako. Usitumie maneno kama "ya kipekee" kabla ya kufanya hivyo.

Hatua ya nane: peleka panapohusika

Kenya, peleka kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kupitia ofisi zao za pwani, Fort Jesus au Lamu. Wakiridhika, tangazo hutolewa na waziri kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na tangazo lenyewe hueleza muda na mahali pa kupeleka pingamizi. Zanzibar, kwa nyumba iliyo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Iliyo nje ya mipaka hiyo, ya Ng'ambo, shamba au Pemba, ni ya idara ya makumbusho na mambo ya kale. Tanzania Bara, Bagamoyo, Pangani, Kilwa na Mikindani zikiwemo, ni Idara ya Mambo ya Kale.

Peleka nakala, usipeleke asili. Pata muhuri wa mapokezi na tarehe kwenye nakala yako. Uliza jina la cheo cha anayeshughulikia na urudi kila baada ya muda. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa au mzee wa mtaa, na ofisi ya mipango ya kaunti au manispaa, ili kibali cha kubomoa kisije kutolewa dirisha moja huku faili lako likisubiri dirisha jingine.

Wakati mkisubiri, nyumba haisubiri. Safisheni mifereji ya paa kabla ya masika. Kateni miche ya mtini na mwarobaini iliyoota ukutani ikiwa bado midogo, na msiing'oe kwa nguvu ikivuta mawe nayo. Penye tundu la kuvujia ziba kwa chokaa na mchanga. Fundi akikuambia saruji itadumu zaidi, muonyeshe boriti iliyooza nyuma ya saruji ya zamani, kisha mtafute fundi mwingine.